Mlango Wake na Jiko Lake

Beldina alipoliona jina lake kwenye orodha iliyobandikwa nje ya ofisi ya wadi, hakupiga vigelegele kama wenzake. Aliliwekea kidole, akalisoma mara tatu, kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakimbana kwa nyuma.

"Msinisukume," akasema. "Mnasukuma mwenye nyumba."

Na alikuwa na haki ya kuringa. Muuza huyu wa omena, dagaa wa ziwani, mkazi wa Nyalenda mjini Kisumu, mjane mwenye miaka hamsini na minane, alikuwa amehudhuria kila kikao cha wananchi kilichoitishwa kuhusu nyumba hizo, tangu siku serikali kuu iliposema italeta pesa na kaunti ikasema itatoa ardhi. Vikao vyenye soda alihudhuria. Visivyo na soda alihudhuria pia, na hapo ndipo alipowaacha wengi. Miaka saba mizima alikuwa akifunga kibanda chake mapema, anajifunga leso, anakwenda kukaa mstari wa mbele ukumbini ili asiwepo wa kusema hakumwona akiinua mkono. Sasa jengo la orofa tano lilikuwa limesimama, limepakwa rangi, na ndani yake mlikuwa na nyumba ambayo mvua haitaingilia mlangoni, yenye choo ambacho ufunguo wake haugombaniwi na wapangaji kumi na wawili.

Furaha ikawa mara mbili, maana chini kidogo kwenye orodha ileile palikuwa na jina la Wabwire, mume wa binti yake Sylvia. Wabwire ni Msamia wa kule Busia, fundi wa stima, mtu mpole wa maneno machache. Alikuwa ameomba kivyake na akapata kivyake. Hapo Beldina alishindwa kujizuia. Alicheza palepale barabarani, mbele ya watu wa bodaboda, hadi leso ikamdondoka.

Sylvia ndiye aliyesoma namba. Alisoma, akasoma tena.

"Mama, wewe uko kumi na nne, orofa ya pili. Sisi tuko ishirini na nne, orofa ya tatu." Akanyoosha kidole juu. "Hiyo ni juu yako. Yaani juu yako kabisa."

Kompyuta iliyogawa nyumba haikuwa na mama mkwe. Ingekuwa naye, ingejua kwamba kwa Waluo, na kwa Wasamia vilevile, mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawataniani, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Kulala chini ya paa moja ndiko hakutajwi kabisa. Huko huleta chira, balaa linalomwandama mvunja mwiko mpaka kwa watoto wake. Katika miaka tisa ya ndoa Wabwire alikuwa amefunga stima nusu ya Nyalenda, lakini balbu ya mama mkwe wake ilipoungua alimtuma fundi mwenzake akaibadilishe, yeye akasubiri ng'ambo ya mtaro akitoa maelekezo kwa simu.

Hata hivyo, pengine mambo yangepita kimyakimya kama Beldina asingempigia simu shemeji yake Okinyi ili ajisifu. Okinyi ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe, anaishi Pap Onditi, ni mzee wa kanisa, na huongea kwa simu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Alifurahi sana mpaka alipoambiwa namba.

"Nyar Usenge," akasema, maana Beldina kwao ni Usenge na huko alikoolewa ndilo jina lake, binti wa Usenge. "Hiyo nyumba iko na paa ngapi?"

"Moja."

"Paa moja. Na wewe unalala hapo chini, na kijana wa watu anatoa suruali juu ya kichwa yako?"

Beldina akaisogeza simu mbali na sikio.

"Hapana. Mmoja wenu atoke. Unataka kuletea hao watoto chira?"

Ofisini nako hakukuwa na nafuu. Sylvia alikwenda kuuliza kama wanaweza kubadilishana na mtu wa jengo lingine, akaambiwa orodha ikishafungwa haifunguliwi kwa mwaka mzima. Ufunguo usipochukuliwa kufikia Ijumaa, nyumba inakwenda kwa anayefuata, na wanaofuata walikuwa mamia.

Beldina alikaa na jambo hilo siku tatu. Akapima. Sylvia alikuwa na watoto wawili, na Sheryl, yule mkubwa wa miaka saba, alikuwa akikohoa kila msimu wa mvua kwa sababu ya unyevu wa ukuta. Beldina mwenyewe alikuwa ameyazoea matope. Basi akaamua kurudisha yake. Iliuma, na isisemwe kwamba haikuuma. Alilia akichambua omena, akamwambia jirani ni moshi, na hapakuwa na moto uliowashwa.

Jumatatu akavaa gauni lake la kanisani na kwenda ofisi ya wadi. Hakutaka kurudisha nyumba akiwa amevaa kama mtu anayeomba msaada.

Kwenye benchi nje ya mlango wa ofisa wa nyumba, Wabwire alikuwa ameketi, shati limepigwa pasi, bahasha mkononi. Alipomwona mama mkwe wake aliruka kama aliyeguswa na waya, akaugeukia ukuta.

"Habari ya asubuhi, Mama," akauambia ukuta.

"Nzuri, baba," Beldina akaliambia tangazo la kipindupindu lililokuwa ukuta wa pili.

Caren, ofisa wa nyumba, alifungua mlango akawakuta hivyo, wamepeana migongo kama walioadhibiwa na mwalimu.

"Ni nini tena? Mmekosana?"

"Tunaheshimiana," Beldina akasema.

Caren alizaliwa Kisumu na hakuhitaji maelezo zaidi. Aliwaingiza mmoja mmoja, akamweka Beldina kwenye kiti na Wabwire nyuma ya kabati la mafaili, akapokea barua zote mbili. Akazisoma. Akavua miwani.

"Hebu nielewe. Mama anarudisha namba kumi na nne. Bwana Wabwire anarudisha ishirini na nne, 'kwa sababu za heshima'. Familia moja imepata nyumba mbili, na inataka kurudi Nyalenda yote?"

Beldina akalikodolea macho kabati. "Mwambie achukue barua yake. Yeye ako na watoto."

"Madam," sauti ikatoka nyuma ya kabati, "mwambie Mama yeye ndio alipigania hizi nyumba. Mimi nitapanda hiyo ngazi aje, yeye akibaki kwa matope? Watu wataniona mtu wa aina gani?"

"Mwambie aache ujinga."

"Mama anasema—"

"Nimesikia, madam. Lakini sichukui."

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Beldina alitamani kumtazama mkwe wake usoni. Alikuwa akimjua kwa viatu na kwa kikohozi chake tu, na sasa alijua ana moyo gani. Alijisikia fahari juu yake, na hasira juu ya ubishi wake, vyote pamoja, na hakujua aanze na kipi.

Caren alivuta faili nene la mradi atafute fomu za kurudisha nyumba. Alipoligeuza, karatasi kubwa iliyokunjwa ikateleza juu ya meza ikafunguka, na Beldina akaitambua kabla haijamaliza kukunjuka. Ule ulikuwa mchoro wa pili wa jengo. Alikuwa ameuchukia miezi mitano.

Ulikuja mwaka ambao pesa za serikali kuu zilipungua. Injinia mmoja aitwaye Enos, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliuleta ukumbini na kuutundika ukutani. Vyumba vinne vinne vilitumia mlango mmoja wa kuingilia, na kila orofa ilikuwa na majiko mawili ya pamoja mwisho wa korido. Kuta zinapungua, akaeleza, na mabomba pia. Watu walikuwa wamechoka kungoja, wakaanza kusema sawa, bora paa. Beldina akasimama. Alisema yeye akikaanga omena anataka harufu itoke kwa dirisha lake, si kwa kitanda cha mwenzake. Alisema maisha yake yote amepiga foleni ya maji na foleni ya choo, na hawezi kuhamishwa kwa sherehe ili akapige foleni ya moto. Walimcheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kupiga meza. Kikao kiliahirishwa mara nne. Mwishowe kaunti ilijikuna kichwa ikaongeza fungu lake yenyewe, na orofa ya sita ikaondolewa kwenye mpango.

"Madam," Beldina akasema polepole, "maneno ya siku hiyo yako hapo ndani?"

Caren akapekua. Kumbukumbu za kikao zilikuwepo, zimepigwa muhuri. Akasoma kwa sauti ya ofisi: "'Mwananchi Beldina Anyango alisema kila nyumba iwe na mlango wake na jiko lake. Alisema bila hivyo tusiwaite wenye nyumba, tuwaite wageni.'"

Beldina alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia Okinyi, akaweka sauti ya nje, akailaza simu mezani.

"Shemeji, niulize tena ile swali yako. Lakini usiulize paa. Uliza mlango."

"Eh! Mlango ni ngapi?"

"Yangu iko orofa ya pili. Yake iko ya tatu. Hakuna kwenye zinakutana."

"Na moto?"

"Kila mtu na jiko yake. Na dirisha yake ya moshi."

Okinyi akakohoa. "Na hapo katikati, juu ya kichwa yako, kuna nini? Mbao?"

Beldina akafungua kinywa, ila jibu likatoka nyuma ya kabati. "Ni zege, Baba. Inchi sita, na chuma ndani. Mimi mwenyewe nilipitisha mabomba ya stima hapo kabla wamwage."

"Huyo ni nani?"

"Mkwe wako."

"Mko chumba moja?" Okinyi akapaza sauti hadi simu ikatetemeka mezani.

"Yuko nyuma ya kabati."

"Aah. Sawa." Wakamsikia akivuta kiti, akikaa. "Nyar Usenge. Nani alisema hizo nyumba zikuwe hivyo? Mlango mbali mbali, jiko mbali mbali?"

"Ni mimi," Beldina akasema. "Iko kwa maandishi. Na muhuri."

Caren alikuwa ameacha kupekua. Kabati lenyewe lilikuwa kama limezuia pumzi.

"Basi hiyo si nyumba moja," Okinyi akasema mwishowe. "Hiyo ni kijiji, ila imesimama wima. Ngazi ndio njia. Kwa njia watu wanapishana. Huyo kijana akohoe akishuka, na wewe umpishe. Sioni chira hapo." Kisha sauti yake ikashuka, jambo ambalo Beldina hakuwahi kulisikia. "Ndugu yangu alioa mtu."

Caren alizirudisha barua mbili kwenye bahasha zao, akampa kila mtu yake, moja juu ya meza na nyingine kwa kunyoosha mkono nyuma ya kabati.

Walihamia Jumamosi. Beldina alipanda ngazi na gunia lake la omena kichwani, akikataa kusaidiwa, akasimama mbele ya namba kumi na nne kwa muda mrefu kuliko kufungua kufuli kunavyohitaji. Aliingia, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaenda jikoni kwake, akawasha moto, akamwaga mafuta, na harufu ya omena ikatoka kwa dirisha lake ikaelekea ziwani bila kumwomba mtu ruhusa.

Juu, maisha yalikuwa yameanza. Alisikia Sheryl akikimbia toka chumba kimoja hadi kingine, maana hajapata kuwa na vyumba viwili. Alisikia malapa ya Sylvia. Lakini hakumsikia Wabwire. Alikuwa amemsikia akipanda, amekohoa mara tatu kwenye kona ya ngazi, naye Beldina akasubiri ndani hadi apite. Mlango ukafungwa juu, na baada ya hapo hakuna hatua hata moja.

Beldina akapunguza moto, akatega sikio. Kitu kilipita juu ya kichwa chake, kidogo sana, kama paka. Akachukua fagio, akagonga dari kwa mpini mara tatu. Muda si muda Sheryl alikuwa mlangoni, anahema.

"Dana, umeita?" akamuuliza bibi yake.

"Baba yako anafanya nini huko juu?"

"Anapanga viti. Anatembea hivi." Mtoto akanyanyuka kwa ncha za vidole, akapiga hatua mbili tatu akishikilia ukuta. "Ametoa viatu. Anasema tusifanye kelele, Dana yuko chini."

Macho ya Beldina yakajaa, na safari hii hakusingizia moshi, ingawa moto ulikuwepo.

"Panda umwambie Dana amesema avae viatu," akasema. "Mwambie sikukaa kwa vikao miaka saba ndio mtu anyemelee kwa nyumba yake kama mwizi. Haya, kimbia!"

Sheryl akakimbia. Mlango ukabamizwa juu. Ikapita dakika, ikapita nyingine. Kisha hatua ya kwanza ikasikika, kiatu cha kazi, chenye soli nzito, ikasita. Ya pili ikafuata. Halafu zikaja zote, za mwanamume mzima anayetoka mlangoni kwake kwenda dirishani kwake, na kurudi.

Beldina alisimama chini yake na fagio mkononi, amenyanyua uso, anatabasamu peke yake. Zege halikutikisika hata kidogo. Kisha akarudi jikoni kugeuza omena, zisije zikaungua.