Mkufu wa Arusi ya Anupa

Miaka tisa Tulasa alitunga shanga katika duka la Mushtaki, pale soko la Indrachowk, na miaka yote tisa shingo yake mwenyewe ilikuwa tupu. Mjane havai shanga nyekundu, wala hagusi kitu cha bibi arusi. Mkono wake, wanasema, una mkosi. Kwa hiyo alikaa nyuma, amefichwa na mafungu ya shanga yaliyoning'inia kama pazia. Mbele wateja walimwona Mushtaki tu, wakalipa, wakaondoka na mikufu yao. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mkufu wa arusi ya binti yake, Anupa, aliupanga kwa siku nne. Alimwaga shanga kwenye sinia, akazipanga, akazivuruga. Nyekundu peke yake ilipiga kelele. Kijani kilipozidi, ikazimika. Mwishowe akapata: nyekundu saba za duara, kijani tatu zenye pembe ili zishike mwanga, rangi ya dhahabu moja, ndefu kama punje ya mpunga. Nyuzi ishirini na nne, kila uzi ukianza shanga moja mbele ya mwenziwe, hata rangi zikapanda mshazari mpaka kwenye tilhari, ule mwanzi wa dhahabu wa katikati.

Hirakala, mama wa bwana arusi, alikuja na Anupa kuukagua.

"Lo! Huu ndio mkufu!" alisema, akiugeuzageuza. "Wifi zangu watapasuka kwa kijicho. Nani kaupanga?"

"Mushtaki, mama," Anupa aliwahi kujibu.

Nyuma ya pazia Tulasa alilisikia jibu lile. Akatoka.

"Nimeupanga mimi. Nimeutunga mimi."

Hirakala aliutupa mkufu kama aliyeshika kaa la moto. "Wewe? Mjane? Unataka kumzika mwanangu hata wali wa arusi hajaula?"

"Na huo uliouvaa wewe, mkwe, nimeutunga mimi mwaka juzi. Fundo hilo la nyuma ni langu. Vipi, mzee wako hajambo?"

Wauza shanga wa jirani waliangua kicheko. "Mjibu, mama! Mzee anakula? Anatembea?"

Mkono wa Hirakala ulirukia shingoni, ukaganda hapohapo. Mwanamke mwenye mume atauvuaje mkufu wake sokoni, kama mjane, watu wakiona?

"Umeniaibisha, mama," Anupa alisema, machozi yakimlengalenga. "Kunyamaza siku moja tu kumekushinda?"

"Nimenyamaza miaka tisa, mwanangu."

Hirakala alijikusanya. "Hauvaliwi huo. Ila mpango wake nimeupenda, siwezi kusema uongo. Mushtaki, lete shanga mpya, utunge wewe, vilevile."

Mushtaki alikuwa amemzika mkewe mwaka huo. Mkono wake haukuwa na mkosi.

Mkasi aliushika Anupa mwenyewe. Alikata nyuzi zote ishirini na nne bila kumtazama mama yake, na shanga zikatawanyika chini ya miguu ya wapita njia.

Mushtaki alipitisha sindano, akatunga shanga chache, akakwama. Yeye alijua kuuza. Akainua macho kwa haya. "Dada Tulasa, baada ya kijani kinafuata nini?"

Wote wakamgeukia Tulasa. Ukutani ilining'inia mikufu ya kiwandani, ya plastiki, yote sura moja. Akikaa kimya, mwanawe ataolewa amevaa mmojawapo wa hiyo.

"Usikaribie," Hirakala alimwambia. "Semea huko nje."

Tulasa alirudi nyuma hadi kwenye mawe ya njia, akakunja mikono kifuani.

"Dhahabu moja, ndefu," alisema. "Kisha nyekundu saba, za duara. Uzi wa pili anzia nyekundu sita."

"Polepole," Hirakala alisema. "Asije akakosea."

Tulasa akaanza upya, polepole, uzi baada ya uzi. Anupa alikuwa amempa mgongo, akimshikia Mushtaki sinia.