Majina Nyuma ya Picha

Nunow mpiga picha hakuwa mtu wa kubahatisha. Picha yoyote iliyotoka dukani kwake Garissa, iwe ya harusi, ya Idi au ya wazee waliokutana kuzungumzia visima, ilikuwa na maandishi ya penseli nyuma: siku, mahali, na majina ya waliopigwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Majina aliyachukua papo hapo, kabla ya kufungua kamera, akayatia kwenye daftari. Watu walimcheka, wakamwambia anawaandika kama karani wa kodi. Yeye alijibu tu kwamba miaka hamsini ikipita, sura bila jina haimsaidii mtu.

Mwezi wa Februari 1966, Jelle alimwoa Hinda. Vita vya serikali na wapiganaji wa msituni vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, na kwa sababu ya kafyu harusi zote za mjini zilikuwa zimehamia mchana. Ngoma ilianza saa nne asubuhi na kufikia alasiri watu walishatawanyika. Katikati ya shughuli hiyo Nunow aliwapiga wanaume watano waliokaa nusu duara nyuma ya sinia la wali na nyama ya mbuzi. Jelle, bwana harusi, alikuwa katikati. Mwisho wa kushoto alikaa Ogle Korane, fundi cherehani aliyeshona nguo za harusi. Mwisho wa kulia alikaa Guleid, mdogo wake Nunow, wa tumbo moja. Wawili waliobaki walikuwa wageni.

Alizisafisha picha siku ileile, mbiombio, kafyu ikikaribia. Filamu ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na ule uliofifia ndio unaolazwa juu ya karatasi. Ukiilaza kinyume, picha hutoka safi bila doa, ila dunia imegeuka: wa kushoto yuko kulia, wa kulia yuko kushoto. Nunow aliilaza kinyume. Picha ilipokauka, aliifudikiza na kuandika majina kutoka kwenye daftari, kwa mpangilio wake, bila kuitazama tena usoni.

Aliyeliona kosa ni Abshiro, mama yake Ogle na shangazi wa bwana harusi. Vijana wote wa mtaa walimwita eeddo, yaani shangazi, na wote walimwogopa.

"Nunow, hii ni laana gani? Wanaume watano, sinia moja, na wote wanakula kwa mkono wa kushoto!"

"Ni filamu, eeddo. Nimeilaza vibaya."

"Anayekula kwa kushoto ni shetani. Nani alimwalika harusini?"

"Nitatoa nyingine."

"Toa. Na hiyo ichane."

Alitoa nyingine, ikawa sawa, Abshiro akaichukua. Ile ya kwanza hakuichana. Hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa tu mtu asiyetupa kitu. Aliitia kwenye droo ya chini, pamoja na majina yake.

Mwezi wa Agosti watu wenye bunduki walisimamisha lori kwenye barabara ya Ijara, wakalichoma. Dereva alisalimika. Siku tatu baadaye inspekta mmoja, mtu wa bara ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi mjini, aliingia dukani kwa Nunow akiwa na askari wawili na dereva huyo.

"Nataka picha za wanaume," alisema inspekta. "Zote."

Nunow aliwatolea. Dereva alizipitia moja moja, akilowesha kidole kwa mate. Droo ya juu ikaisha, ya katikati ikaisha. Katika ya chini alisimama.

"Huyu hapa, afande."

"Una hakika?"

"Mtu aliyekuelekezea bunduki puani humsahau."

Kidole kilikuwa juu ya mtu wa kwanza kushoto. Inspekta aligeuza picha, akasoma nyuma.

"Ogle Korane. Ni nani huyu?"

Nunow alitazama. Aliona mikono mitano ya kushoto ndani ya sinia moja, na kabla hajapumua mara mbili alikuwa ameelewa yote. Aliyekuwa chini ya kidole cha dereva ni Guleid.

"Ogle Korane ni fundi cherehani," alisema.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Ijara kumwona mjomba wake."

Baadaye aliyapima maneno hayo mara nyingi. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

"Umeandika vizuri," alisema inspekta, akiitia picha mfukoni. "Wote wangekuwa kama wewe, kazi yangu ingekuwa nyepesi."

Jioni hiyo jina lilikwenda kwa redio. Picha haikwenda, maana redio haipeleki sura. Ogle alishikwa usiku huohuo njiani akirudi, akapelekwa kwenye kambi moja ya askari huko kusini, mikononi mwa watu waliopewa jina tupu.

Siku ya pili baada ya hapo Guleid alirudi kutoka malishoni, akakuta kaka yake amekaa uani bila kamera wala daftari.

"Walaal, ndugu yangu, unaniangalia kama unayetaka kunipiga picha."

"Ulikuwa kwenye lile lori?"

Guleid alijimiminia chai. "Anayeuliza ni kaka yangu au ni daftari lake?"

"Dereva amekutambua kwenye picha. Wamemshika Ogle badala yako."

"Ogle?" Guleid alitaka kucheka, kisha hakucheka. "Ogle hajawahi kushika kitu kikali kuliko mkasi. Watamwona, watajua si mimi."

"Walio naye hawana picha. Wana jina nililoandika mimi."

Guleid aliweka kikombe chini, chai ikiwa bado imejaa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama yao alipofariki alikuwa na minne, na Nunow ndiye aliyemfundisha kutawadha.

"Basi niambie niende kwao," alisema. "Niambie tu, nitakwenda."

Nunow hakumwambia.

"Kama huniambii, nipe siku tano. Siku ya tano nitakuwa ng'ambo ya mpaka. Hapo sema unavyotaka, na useme jina langu vizuri."

Akaondoka mchana ule, akiwatanguliza mbuzi sita kama mtu aendaye sokoni.

Tano na mbili ni saba. Siku ya saba Nunow alioga, akavaa shati safi, akaitia filamu ile katika bahasha na bahasha mfukoni. Alifika mlangoni. Ng'ambo ya barabara askari wawili walikuwa wakimpekua mzee mmoja, wakimwambia avue viatu. Nunow alisimama akiwatazama, kisha akarudi ndani na kuvua shati. Alijiambia kwamba huenda Guleid amechelewa njiani, na kwamba siku moja zaidi haina neno. Lakini alijua mdogo wake hutembea haraka.

Siku ya nane watu walikuja kupigwa picha za kitambulisho, maana kila mtu alitakiwa awe na karatasi ya kujitambulisha. Alipiga arobaini na watatu, akaandika majina yote.

Siku ya tisa aliingia Abshiro. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lililochorwa bustani.

"Nimetoka kwa inspekta," alisema. "Nimemwambia, mzee, huyu si mtoto yangu. Bicha hii iko geuka. Nimesema kwa Kiswahili changu hicho hicho, nimeonyesha mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama anayefundisha mtoto kuswali. Yeye ananijibu, mama, jina limeandikwa nyuma. Askari wanacheka."

Nunow alilifunga daftari lake.

"Nilisema ichanwe ile picha. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, eeddo."

"Sikuja kukulaumu. Kosa ni la mkono, na mkono si moyo. Nimekuja kwa sababu wewe ni mtu wa kuandika, na yule anaamini maandishi." Kisha akashusha sauti. "Ninajua nani alikaa upande ule mwingine. Kule sikumtaja. Nimesema tu si wangu. Kumtaja si kazi yangu, Nunow."

Basi alijua. Alikuwa amekaa mbele ya meza ya inspekta, mwanawe mwenyewe akiwa ndani, na jina la Guleid likiwa ulimini mwake, akalimeza. Nunow alivaa shati bila kuoga.

Inspekta alisikiliza bila haraka. Nunow aliiinua filamu kwenye dirisha, akamwonyesha upande unaong'aa na upande uliofifia, kisha akamsogezea ile picha iliyokuwa mezani.

"Hesabu mikono, afande. Hakuna Mwislamu anayekula kwa mkono huo mbele za watu, sembuse watano."

Inspekta alihesabu. "Kwa hiyo wa kwanza hapa ndiye wa mwisho kwenye orodha."

"Ndiye. Guleid. Ni mdogo wangu. Ameshavuka mpaka."

"Na mbona siku ile hukusema?"

"Sikuitazama vizuri."

"Mpiga picha," alisema inspekta polepole, "na hukuitazama picha."

Akaandika jibu hilo kama lilivyotolewa, na Nunow akatia sahihi chini yake. Walimweka ndani siku kumi na moja. Walimpiga makofi mara mbili, wakaipasua kamera yake ndogo, wakamwacha. Alitoka bila alama mwilini.

Ogle alikuwa ametoka kabla yake. Mji ulikuwa umeshatunga hadithi yake, na hadithi hiyo ilikuwa nzuri. Nunow, walisema, alimtaja ndugu wa tumbo moja ili amwokoe jirani. Wazee waliokuwa wakimcheka kwa daftari sasa walisimama akipita. Mtu mmoja alimletea maziwa ya ngamia kila asubuhi kwa wiki nzima.

Ogle mwenyewe alikuja kumshukuru. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilipofunguliwa, vidole vitatu vilikuwa vimesimama kama vijiti, havikunjiki. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono.

"Nashukuru ni mkono," alisema. "Wengine kule walitoka kwa machela."

"Walifanya hivi lini?"

"Siku saba za kwanza ilikuwa makofi na maswali. Bunduki uliificha wapi, wenzako wako wapi. Nawaambia nina sindano. Ya nane akaja mwingine, mgeni, na kitako cha bunduki. Keshokutwa yake wakaniambia nenda nyumbani."

"Una hakika ilikuwa ya nane?"

"Ah, Nunow, hata hili unataka kuliandika?" Ogle alicheka. "Nilihesabu kwa vifungo vya shati. Kila alfajiri nakata kimoja. Shati lina vifungo saba, mimi ndiye nililishona. Siku ile niliamka sina cha kukata."

Nunow alimpa chai. Ogle aliipokea kwa mkono wa kushoto, akasitasita, akasema bismillahi, akanywa.

Siku saba zilikuwa za Guleid, na mtu anaweza kusimama nazo mbele ya Mungu akajitetea, hata akishindwa. Ya nane haikuwa ya Guleid. Ile ilikuwa ya Nunow peke yake, naye aliitumia kupiga picha arobaini na tatu za kitambulisho.

Idi ya Kuchinja ya mwaka uliofuata, Abshiro alimwita aje apige picha nyumbani kwake. Sinia lilikuwa lilelile. Jelle alikuwepo, na Ogle, na Hinda akiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Nunow alitoa daftari, akachukua majina. Alipoinua kamera, wote walipeleka mkono kwenye wali, na Ogle akaupeleka wake wa kushoto, haraka, kama anayeiba.

"Ngoja," alisema Ogle. "Nunow, ile hila yako ya filamu bado unaijua?"

"Hila gani?"

"Ya kugeuza. Igeuze na hii, nionekane ninakula kwa mkono wa kulia."

"Na sisi wengine?" alilalamika Jelle. "Unatutia wote kwenye ushetani kwa ajili yako?"

"Nyinyi ficheni mikono yenu. Kaeni kama wageni walioshiba."

Watu walicheka sana, hata Abshiro. Wakaficha mikono, na Nunow akapiga.

Dukani aliilaza filamu kinyume, safari hii kwa makusudi. Picha ilitoka safi. Ogle alikuwa na mkono wa kulia katikati ya sinia, anatabasamu. Ilipokauka, Nunow aliifudikiza akaandika siku, mahali, na majina, akiyapanga upya ili kila jina lilingane na sura yake. Chini yake akaandika: *Picha hii imegeuzwa kwa ombi la Ogle Korane.* Akaichonga penseli tena. *Ile ya harusi nilijua imegeuka tangu siku ya kwanza, kabla inspekta hajatoka dukani. Siku ya nane nilikuwa hapa, na hakuna aliyenizuia.* Akasoma. Yote yalikuwa kweli. Akaipeleka nyumbani kwa Abshiro.

Ogle aliishika kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza. Hakuwahi kwenda shule. Namba za kipimo alizijua, herufi hakuzijua.

"Hapa siku hizi unaandika mengi," alisema. "Umesema nini?"

Abshiro alikuwa amesimama mlangoni na fremu ya kioo aliyoinunua sokoni, akingoja.

"Majina," alisema Nunow. "Na siku."

"Kama kawaida yako."

Abshiro aliitia picha kwenye fremu, akakunja vibati vya nyuma kwa kijiko, kimoja kimoja, mpaka maandishi yakafunikwa. Msumari aliutoa kwenye kopo la cherehani la mwanawe. Ogle hangeweza kushika nyundo, kwa hiyo Abshiro akampa Nunow nyundo, akamwonyesha mahali ukutani, na Nunow akaupigilia.