Maji ya Mama Mbinya

Jumanne ya kwanza ya mafunzo yake zahanatini, Ndinda alifundishwa kutumbukiza uso kwenye karai. Matroni Syokau alimshika kisogo akamwambia azuie pumzi.

"Mgonjwa akitaka kujikata, au kufa, usimhubirie. Mpe maji baridi kwanza, moyo upunguze mbio. Na usimpe mtu dawa ambayo wewe hujaionja."

Ndinda akainuka maji yakimchuruzika shingoni. Kweli, moyo ulikuwa umetulia. Lakini mvua ilikuwa imekataa misimu mitatu, Kathonzweni nzima ikifuata maji mbali kwa punda. Akauliza haya yametoka wapi.

"Kwa Mama Mbinya," Matroni akasema, akaendelea na somo.

Mama Mbinya, jina lake Kaluki, ndiye mgonjwa ambaye Ndinda angepewa. Mumewe alimnyang'anya bintiye, akampeleka Zombe kwa mke mpya, na tangu hapo Kaluki alikuwa akijikata mikono kwa wembe. Kila alipoketi kwenye chumba cha matibabu akamtaja mtoto, sakafu ya saruji ilitoa maji. Yalikuwa baridi, hayana chumvi, mazuri kuliko ya kisima cha soko. Nje akina mama walipanga mitungi tangu alfajiri. Mgala muue na haki yake mpe: hakuna aliyesukumana.

Timu ya zahanati ilikuwa na desturi yake. Mgonjwa huahidi kuishi mwaka mmoja, nayo timu huahidi kumsaidia apate maisha ambayo mtu angetaka kuyaishi. Kaluki aliahidi.

Ndinda alikuwa mwanafunzi mzuri. Watu wote walikuwa wamemwambia Kaluki avumilie. Yeye hakumwambia hivyo.

"Mama Mbinya," alisema, "mtu akinyang'anywa mtoto, ataachaje kuumia?"

Kaluki alimtazama sana. Siku hiyo maji yalifika vifundoni. Miezi ikapita, akaacha wembe kabisa. Uchungu wenyewe ulibaki, kwa kuwa mtoto alibaki Zombe, na hilo si la kutibiwa kwa karai.

Basi Ndinda akaenda kwa chifu. Chifu Mutunga angetuma askari wawili tu, na mtoto angekuwa nyumbani kabla ya jua kuzama. Ila chifu huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Sista, mtoto akirudi, huyu mama atalia nini?"

"Hatalia, mzee."

"Sasa si umejijibu?" Akamkaribisha chai. Ndinda alijua maji yake yametoka wapi, akainywa, maana kiu haina aibu. Alijichukia njia nzima.

Timu ilikutana kila Alhamisi, na kanuni yao ilikuwa kwamba anayetibu naye hutibiwa na wenzake. Ndinda akalia mbele yao. Walimsikiliza vizuri, kama walivyofunzwa. Daktari Yakub, baba wa watoto sita, alimwambia hasira yake ni ya haki kabisa. Kisha akasema polepole kwamba wanawe hawajaugua tumbo tangu Kaluki aanze matibabu. Matroni akafunga kikao kwa sala.

Mwaka ukaisha. Mtihani wa mwisho wa Ndinda ukawa kumwomba Kaluki ahadi ya mwaka mwingine.

"Mimi nimeishi," Kaluki akasema. "Ile yenu imefika wapi?"

Ndinda hakutafuta kisingizio. "Bado, mama. Chifu amekataa, na sisi tumenyamaza."

Kaluki aligeukia mlango, maji yakapita viatu vyao. Nje ndoo ziligongana.

"Hao wana watoto?"

"Wanao."

"Wangu sasa ana miaka saba. Sijui nani anamsuka nywele." Akajifuta uso kwa upindo wa leso. "Haya. Mwaka mmoja tena. Waambie wachote."

Akina mama wakaingia na vibuyu, wakamsalimu kwa heshima, wakainama kuchota. Mmoja alimwombea baraka.

Matroni alikuwa akisubiri mlangoni. Alimkumbatia Ndinda kwa mikono miwili. "Umepita, mwanangu," akasema. "Karibu kwenye timu."

Ndinda akashukuru, kwa maana ndivyo alivyolelewa.