Gogo la Msiba Kwenye Wimbo wa Bia

Tangu asubuhi Salanieta, mtengeneza biti, alikuwa amesikiliza kiki arobaini, yale mapigo mazito ya chini ya wimbo, zote zikilia kama mtu anagonga debe tupu, na wimbo wa timu ya raga ya Nabua ulitakiwa saa kumi. Akatoka kununua mkate. Aliporudi alimkuta binamu yake, Apisai, amekalia kiti chake, spika zimefunguliwa mpaka vikombe vinatetemeka.

"Nimekumalizia kazi, Bi Chagua-chagua," akasema. "Siku nzima unachambua ngoma kama mchele! Hebu sikia."

Biti ikaanza. Chini ya maneno ya bia na wasichana, mahali pa kiki, palisikika gogo linalogongwa. Salanieta alilitambua kabla ya pigo la pili. Mkate ukamtoka mkononi.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kwenye faili lako la ngoma. Zito, eh? Nikalikatakata, nikalikimbiza kidogo."

"Hiyo ni lali ya msiba, Apisai, gogo la kutangazia kifo! Ni marehemu baba anapiga, siku alipofariki bibi! Sina sauti nyingine ya mkono wake!"

"Gogo si gogo tu? Na kama ni la msiba, kwa nini uliliweka na ngoma za kuchezea?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa, maana swali lilikuwa la haki. Aliliweka yeye mwenyewe. Miaka miwili alikuwa akitamani kulitumia, kila biti akilisogelea, kisha anaona haya na kurudi kwenye madebe. Na huyu hakuona haya hata dakika moja! Wao ni watani tangu utotoni, binamu wa kwa mjomba, na hakuna tusi ambalo hawajatupiana wakacheka. Leo hakucheka.

"Toka kwenye kiti changu, mfukua makaburi wee!"

"Punguza, binamu. Jumamosi uwanja mzima utaicheza."

"Utaicheza juu ya maiti!"

Mlango ukafunguliwa. Mama yake, aliyekuwa jikoni akimenya mihogo, alisimama pale na kisu mkononi. Kichwani alikuwa ameshajifunga kitambaa cheusi.

"Nani amefariki?" akauliza. "Ni wa kwetu?"

Wimbo ulikuwa bado unazunguka. Mama akainamisha kichwa kusikiliza vizuri, na mkono wenye kisu ukashuka.

"Huyo ni baba yako, Maciu," akasema polepole. "Mbona anapiga mbio hivyo? Mume wangu hakumharakisha maiti hata siku moja."

Apisai akanyoosha mkono haraka azime. Salanieta akaudaka.

"Usizime," akamwambia. "Mjibu shangazi yako kwanza."