Nyota ya Waliohudhuria

Wiki ile nilikuwa nimevimba kichwa, sitaficha. Chuo chetu cha ufundi kilikuwa kimeacha vyeti vya karatasi na kuanza kutoa beji za kidijitali, na aliyezichora ni mimi. Ukimaliza kozi, beji inaingia kwenye simu yako. Mteja akitaka kujua kama wewe ni fundi au mbabaishaji, unamwonyesha, mnaendelea na kazi.

Kozi ya kufunga gesi ilikuwa na beji mbili. Ya waliofaulu mtihani niliipa duara la dhahabu, mwali wa moto na nyota. Ya waliohudhuria tu niliipaka kijivu, bila nyota. Mkuu wa chuo alipoiona akakunja uso.

"Hii vipi? Utadhani tunatangaza msiba. Mtu amekaa darasani siku tatu, halafu tumvunje moyo? Hebu ichangamshe."

Nilibishana naye kidogo, nikachoka. Nina hasira za karibu, lakini kugombana na mkubwa wa kazi kunanitia uvivu. Nikaipa dhahabu, nikaipa na nyota. Tofauti ikabaki neno moja chini ya duara: AMEFAULU au AMEHUDHURIA. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta yangu neno lilisomeka vizuri kabisa. Nikabonyeza, zikaenda kwa wote.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilikwenda kwa dada yangu. Alikuwa na mimba ya miezi minane na jiko jipya la gesi, na sijui kipi kilimfurahisha zaidi. Fundi, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Safari hii sikuokota fundi njiani, mdogo wangu," dada alisema huku akinivuta mkono. "Nilimwambia kwanza nione beji. Kumbe ya chuoni kwenu! Nikasema basi, kazi ya mdogo wangu nitaitiliaje shaka?"

Nilicheka kwa raha. Kisha tukaingia jikoni, harufu ikanipiga puani.

"Ni upya wa mpira tu," dada alisema. "Fundi kasema itaisha. Kaa nikuchemshie chai."

Alikuwa ameshashika kiberiti, njiti iko kati ya vidole.

Sijui niliruka vipi. Najua nilimpokonya kiberiti kwa nguvu hadi akapiga kelele, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha, nikamsukuma nje na tumbo lake lile. Hewa ilipotulia, nilimwambia fundi afungue mtungi kidogo, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Kipimo hicho nilikijua kwa sababu nilitazama mtihani mzima nikitafuta cha kuchora. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Tapeli mkubwa wewe!" nilimfokea tulipotoka nje uani. "Ungemuua dada yangu na mtoto wake! Lete hiyo simu! Beji umeinunua kwa nani?"

Alinipa simu bila ubishi. Duara la dhahabu, mwali, nyota. Chini yake palikuwa na kamstari kembamba, kama uchafu kwenye kioo. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikaikuza tena, na ndipo neno likajitokeza: AMEHUDHURIA.

Nikakaa kwenye ngazi.

"Sijainunua, dada," fundi alisema taratibu. "Siku ya mtihani mke wangu alikuwa amelazwa, sikwenda. Nikajua imekula kwangu. Baada ya wiki mbili naona beji inaingia, ina nyota. Nikasema kumbe mwalimu aliniona darasani, akanipitisha. Niliwaita hadi majirani waje waone. Nikaacha kazi ya ulinzi."

Alinitazama, kisha akaitazama ile simu mkononi mwangu.

"Kwani sikufaulu?"

Dada alikuwa ameshika tumbo, ananiangalia mimi, hamwangalii fundi.

"Umefunga nyumba ngapi?" niliuliza mwishowe.

"Tisa. Na hii."

Alipiga simu moja moja, amesimama wima, jasho likimtiririka. "Mama, funga mtungi. Usiwashe chochote. Nakuja sasa hivi. Ndiyo, kosa ni langu." Wote tisa walipokea. Kila alipolisema lile kosa lake, mimi nilizidi kusinyaa pale kwenye ngazi.

Kisha nikafungua orodha ya chuo kwenye simu yangu. Waliofaulu kozi ya gesi: kumi na wawili. Waliohudhuria tu: sitini na mmoja, na wote niliwatumia nyota kwa mkono wangu. Mmoja alikuwa amesimama mbele yangu. Nikapiga namba iliyofuata.

"Haloo, fundi wa gesi hapa!" alijibu mwanamume, mchangamfu kweli. "Sema haraka, ndugu yangu, mwenye nyumba ndiyo anawasha."