Trekta Lililokula Sangara

Mwaka themanini na tatu, mvua za vuli zilipokaribia, dizeli ilikuwa imeadimika Musoma kiasi kwamba mtu akionekana na dumu zito aliamkiwa kwa heshima na watu asiowajua. Kijiji cha Kiriba kilikuwa na trekta moja na dereva mmoja, Florian Masatu, aliyejifunza injini kwenye kinu cha kuchambulia pamba kabla ya kurudi nyumbani kuoa. Kibali cha mwezi ule kiliwapa lita arobaini. Ekari za pamba zilizosubiri kulimwa zilikuwa tisini. Florian alipiga hesabu akaona mafuta yote yataishia shambani kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Burito, ambaye kwa bahati njema jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Ndipo akakumbuka kule kinuni, ambako injini kuukuu ilikuwa ikichanganyiwa dizeli na oili chafu iliyokwisha kutumika. Akaenda Musoma kwenye gereji za malori, akapewa nusu pipa ya oili nyeusi ambayo mafundi walikuwa wakiipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Aliiacha itulie wiki nzima, akaichuja kwa kitenge cha mkewe, Hyasinta. Alipojitetea kwamba kitenge kilikuwa kikuukuu, Hyasinta alimkumbusha kuwa alikipangia foleni siku mbili kwenye duka la ushirika, na kwamba hata asubuhi ile alikuwa amekivaa.

Trekta lilikubali. Lilitoa moshi mweusi na kukohoa kidogo mlimani, lakini lililima. Shida ni kwamba habari zilifika gereji, na wenye malori, ambao nao oili mpya walikuwa hawaioni, wakaanza kuichuja ile chafu na kuirudisha kwenye injini zao. Florian aliporudi na pipa lake aliambiwa oili haipo tena, hata ya kupaka nguzo.

Siku hiyo alipitia Mwigobero, kando ya ziwa, kwa dada yake Hyasinta, Pelagia, aliyekuwa akikaanga sangara pale sokoni. Sangara wa miaka ile walikuwa wageni ziwani, wakubwa kama ndama na wanene ajabu. Mkaangaji hakuhitaji mafuta ya dukani, ambayo hata hivyo hayakuwepo. Samaki alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na jioni karai lilibaki na mafuta meusi yaliyoungua. Florian aliwekewa kipande kizuri cha mgongo. Hakukigusa. Alikuwa akilitazama karai.

"Shemeji, haya mafuta mnayapelekaga wapi?"

"Tunamwagaga tu kwenye mawe," alisema Pelagia. "Wewe kula samaki."

Kuanzia hapo hakuna mafuta yaliyomwagwa. Kila Jumamosi Florian alikusanya madebe mawili matatu kutoka kwa wakaangaji, akayapasha moto, akayachuja mara mbili, akachanganya sehemu mbili za mafuta na sehemu moja ya dizeli. Asubuhi aliwasha kwa dizeli tupu, maana mafuta ya samaki yakipoa yanaganda kama uji uliosahauliwa. Injini ikishapata moto ndipo alipoipa mchanganyiko, na kabla ya kuizima aliirudishia dizeli kidogo isafishe koo.

Tatizo lilikuwa harufu. Trekta lilipopita, Kiriba nzima ilinuka sangara wa kukaanga, wa moto, wa chumvi kidogo. Watu waliokula ugali kwa mlenda tangu Jumatatu waliacha majembe wakasimama. Mbwa wa vitongoji vitatu walilifuata trekta toka mwanzo wa shamba hadi mwisho, wakigeuka lilipogeuka, na nyuma yao makorongo, wakitembea polepole kama wazee wa baraza. Jumapili moja Florian alipita karibu na kanisa wakati wa mahubiri, na siku iliyofuata padri alimwomba kwa upole atafute njia nyingine, kwa kuwa waumini walikuwa wametoka kabla ya baraka kwenda kupika.

Lakini pamba ilipandwa, na hilo ndilo lililoleta mashaka. Ilikuwa miaka ya kusaka walanguzi na wahujumu uchumi. Matrekta ya vijiji jirani yalikuwa yamelala, kuku wanatagia kwenye viti vyake. Iweje la Kiriba lilime kila siku kwa lita arobaini? Mtu akaandika barua wilayani.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Landrova ya dizeli ilisimama kando ya shamba. Akashuka mkaguzi, Ndugu Makongoro, mtu mfupi mwenye faili kubwa, na mgambo wawili. Walipekua ghala la kijiji, wakapekua nyumba ya Florian, wakachungulia hata chini ya kitanda. Wakapata madebe manne ya mafuta yaliyoganda. Mgambo mmoja alichovya kidole, akakilamba, akasema ni sangara.

Makongoro hakukubali. Kwa maelezo yake, samaki alikuwa kificho tu, na dizeli ya magendo ilikuwa imefukiwa mahali fulani. Florian alieleza kwamba mafuta yale yalikuwa nyongeza, siyo chakula chote. Alijua watu waliochukuliwa kwa mifuko mitatu ya sukari.

"Toa yote yaliyomo kwenye tangi," alisema Makongoro. "Tia hayo ya samaki peke yake. Likiwaka, nitaandika nilichokiona."

Florian alilitazama trekta. Alikuwa amelileta uani kwake nyuma ya Landrova na kulizima muda mfupi tu uliopita, na injini bado ilikuwa moto. Alimwomba Hyasinta apashe debe moja mekoni, naye akaepua ugali. Mchanganyiko uliokuwa kwenye tangi ukafunguliwa kwenye ndoo, na mafuta ya moto yakamiminwa. Kijiji kilikuwa kimekusanyika. Mzee Burito alisimama mbali kidogo, mahali ambapo mtu angeweza kusema hakuwepo. Florian alijua kwamba ndani ya chujio na mabomba bado ilikuwepo dizeli ya kutosha kuiamsha injini, lakini hilo hakuulizwa. Akapiga stata.

Trekta liliguna, likatulia. Akapiga tena. Likakohoa, likatikisika lote, kisha likawaka na kutoa wingu kubwa la moshi mweupe usoni kwa Makongoro, aliyekuwa ameinama karibu na bomba la moshi ili asidanganywe. Wingu lilipotawanyika alikuwa bado ameinama, anang'aa paji la uso, na mbwa watano walikuwa wamekwisha kaa mbele yake wakimtazama kwa matumaini.

Alifungua faili na kuandika kwa muda mrefu. Kisha akaingia kwenye Landrova, na Landrova haikuwaka. Dereva wake alikiri kwamba tangu watoke Bunda mshale wa mafuta ulikuwa umelala, ila aliogopa kusema. Makongoro aliinama akautazama mshale mwenyewe. Mwishowe alishuka, akamsogelea Florian, akashusha sauti.

"Hiyo ya kwenye ndoo," alisema, "unaitumiaga kwa kazi gani?"

Wakaondoka nayo kwenye tangi lao. Inasemekana mbwa wa Kiriba waliwasindikiza hadi barabara kuu, na wa Musoma wakawapokea.

Wiki mbili baadaye ikaja barua yenye muhuri. Florian aliketi kabla ya kuifungua. Ilikuwa na sahihi ya Makongoro, nayo ilimtaka aende Butiama kuwaonyesha madereva matumizi ya mafuta ya nyongeza. Alipanda lori la mahindi na dumu lake, na kesho yake alisimama mbele ya watu kumi na wawili na trekta lililolala tangu Pasaka. Waliandika kila alichosema. Kisha mfugaji mmoja mzee, Mniko, aliuliza kwa busara: wao ziwa liko mbali, sangara hawana, ila ng'ombe wanao, je, samli? Na kutoka chini ya koti akatoa kibuyu kilichojaa samli ya manjano safi.

Florian hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Alikuwa bado analifikiria wakati Boke, mkewe Mniko, alipopenya katikati ya madereva na kukishika kibuyu kwa upande wa pili. Wazee hao wawili walisimama hivyo, kila mmoja na mkono wake, wote wakimtazama mgeni kutoka Kiriba.

"Hapana, mzee," alisema Florian. "Mashine tunaipaga kilichoharibika tu. Samli ni chakula."

Boke alikichukua kibuyu chake, akakifuta kwa khanga. Kisha akageuka na kuuliza, kwa sauti ya kuwalaumu wote, kwa nini fundi huyu alikuwa amesimamishwa juani tangu asubuhi bila kupewa hata kiti.