Maji Chini ya Miguu ya Mama

Kaka yangu Mathe alimuvalisha mama yetu pampers kwa sababu ya gari. Mama wa miaka sabini na kitu! Yeye aliyemufunga Mathe nepi, leo Mathe anamutumia pampers kwa mikono ya muke wake. Nikikumbuka ile asubuhi, natamani kupiga mutu.

Sikia namna ilianza. Mathe iko na gari ya zamani ya volant, ni kusema usukani, kuume, ile banaingizaka kutoka Uganda. Siku ya Mungu, bakienda misa, mama ndiye anakaa mbele. Kwetu Butembo mutu mukubwa hawezi kukaa nyuma na batoto, ni heshima yake, hata Mathe hakusubutu kugeuza hiyo. Florentine, muke wa Mathe, anabaki nyuma, magoti kwa kidevu, na ile kitu ilimuuma roho miaka yote.

Siku moja mama anashuka, tapis ya mbele, pale anakanyaga, imelowana chapachapa. Siku ya Mungu ingine, vilevile. Florentine akainama, akagusa, akapaza sauti parcelle yote, uwanja muzima wa nyumba, isikie: "Yesu Maria! Mama mukwe anakojoa ndani ya gari!" Kisha sisimizi bakaja. Bakapanga mustari kutoka mulango wa gari mpaka kwa ile tapis. Eh, ilikwisha hapo. Kwetu kila mutu anajua: sisimizi bakifuata mukojo wa mutu, huyo iko na maladi ya sukari.

"Si mimi," mama akasema. "Batoto bangu, mimi sikukojoa."

"Basi ni mimi?" Florentine akamujibu, na batoto bakacheka.

Mimi Rébecca ni mutoto wa mwisho kwetu, nauzisha bitenge sokoni pale Vulamba, na kinywa yangu haijue kufungwa. Nilipapasa pagne ya mama, kitenge yake, kwa nyuma: kavu. Kiti: kavu. Ni visigino tu na pindo ya pagne ndiyo ililowana. Nikamwambia Mathe: "Yaya, kaka yangu, mutu akikojoa akiwa amekaa, nini inaanza kulowana? Matako ao miguu?" Akasema nisimukosee heshima. Nikamuomba tumupeleke mama kwa kituo cha afya, bamupime damu.

"Ya kupima nini tena? Sisimizi bamekwisha kupima."

Basi bakamunyima. Sukari, hapana. Ndizi, hapana. Na maji, kopo moja asubuhi na ingine magaribi, Florentine mwenyewe ndiye anamwanga. Midomo ya mama ikapasuka. Pampers inatoka kavu, tapis inatoka imelowana, na hakuna mutu mule nyumbani aliyejiuliza. Mwisho Mathe akakata shauri: mama ataenda Beni, kwa mudogo wa mama, kule sehemu ya Beu, akakae huko moja kwa moja. Nyumba ambayo mama na marehemu papa balijenga kwa kahawa yao, mama atoke, Florentine abaki. Nililia mpaka kichwa ikauma.

Siku ya kumupeleka niliingia gari kwa nguvu. Florentine naye alikuja, anataka kuona kwa macho yake mama amefika. Kulikuwa baridi, Mathe akafungulia chauffage, ile inaleta hewa ya moto. Parebrise, kioo ya mbele, ikajaa ukungu kwa ndani, anapangusa, inarudi. Kabla hata tutoke mujini, sindano ya kupima moto ya motere ikapanda.

"Tena!" Mathe akapiga volant. "Hii gari inakunywa maji, sijue inayapeleka wapi! Kila juma naongeza, na chini hakuna hata tone!"

Nakwambia, alisema vile na miguu ya mama iko ndani ya maji.

Tukasimama kwa garage ya Kitsa, fundi wa makelele, mwenye kucheka kila mutu. Akaangalia chini ya motere: pakavu. Akaingiza kichwa ndani, akapitisha kidole kwa ukungu wa parebrise, akakisugua. "Inateleza. Ukungu wa pumzi hauteleze." Akamwambia mama anyanyue miguu, akavuta tapis, akakandamiza kitambaa cheupe. Kitambaa ikatoka kijani.

"Papa Mathe, nani alikuambia huu ni mukojo? Mama yako anakojoaka kijani?" Akacheka mpaka akashika mulango, na mama iko pale amekaa.

Ni radiateur ndogo ya chauffage, akatueleza, ile inajificha nyuma ya tableau, pale mbele ya magoti ya mama. Maji ya motere inapita ndani yake ili hewa ipate moto. Imetoboka, sasa inamwangia kwa miguu ya mwenye kukaa mbele. Na ile maji ya kijani ni tamu, sisimizi banaipenda, hata mbwa anailamba na anakufa. Akachomoa durite mbili za chauffage, mipira ya kupitisha maji, akaziunganisha kwa kipande cha bomba, akawasha motere. Tone ikakoma.

"Donc si culasse, ile kichwa ya motere!" Mathe akaruka kwa furaha. "Mungu iko! Nilizani motere imekufa!"

Hiyo ndiyo neno yake ya kwanza. Nilingoja ya pili, ya mama. Haikukuja.

"Omba mama musamaha," nikamwambia. "Hapahapa, mbele ya batu. Kisha geuza gari turudi nyumbani."

Mathe akamutazama Florentine. Florentine akatazama kucha zake. "Kurudi wapi? Mule chumbani nilikwisha kumuingiza Bénie, mudogo wangu. Aliingia na bintu byake leo asubuhi."

"Lakini mama hana maladi! Umesikia wewe mwenyewe!"

"Nimesikia. Kwani nimekataa?"

Mathe akajikuna shingo. "Rébecca, kule Beu banatungojea, bamekwisha kupika. Mambo ya chumba tutaona mbele." Nilimutukana matusi ambayo hata sokoni siyatumiake.

Kitsa alikuwa anajaza radiateur na bidon. Maji ingine inamwangika pembeni, inaingia udongo. Mama alikuwa anaitazama tu. Kisha akauliza, polepole:

"Mathe, donc sasa naweza kunywa?"

Kitsa akaacha kucheka. Akaenda kutafuta kopo, akaisuuza, akamujazia mama maji safi.

"Kidogo tu, mama," Mathe akasema, akifunga capot ya motere. "Beni ni mbali, sitaki kusimama-simama njiani."

Mama akakunywa nusu. Akarudisha kopo na maji iliyobaki, akashukuru.